Ukiona Dalili Huko Chini: Hatua kwa Hatua, Wewe na Mwenzi Wako Mpone Pamoja

Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, aliingia kwenye chumba changu cha matibabu, akatoa mfukoni karatasi tatu za vidonge akazipanga mezani. Ya kwanza sipro, vimebaki vidonge vinne. Ya pili doksi, imetumika nusu. Ya tatu azithromaisini, tupu, lakini alinunua kidonge kimoja tu kwa sababu hela ilitosha hicho. Akaniambia, "Dokta, nimetumia zote hizi. Usaha unakauka siku nne, tano, halafu unarudi." Nikamuuliza, "Na shemeji katumia nini?" Akainamisha kichwa. Shemeji hakuwa na habari.

Nimehudumia wagonjwa kwenye zahanati ya Kanda ya Ziwa kwa miaka 11, na habari ya kijana yule nimeisikia kwa wake kwa waume, kwa wasomi na wasiosoma. Kinachowachelewesha si ujinga. Ni aibu. Aibu inampeleka mtu duka la dawa badala ya kliniki, inamfanya aseme nusu ya maneno mbele ya daktari, na inamfunga mdomo mbele ya mwenzi wake. Mwongozo huu wa magonjwa ya zinaa ni kwa ajili yako wewe uliyeona kitu kwenye nguo ya ndani asubuhi hii na hujui uanzie wapi.

Hatua ya 1: Tazama vizuri, na uache kujipa jina la ugonjwa

Ingia penye faragha na mwanga, ujitazame. Huhitaji kujua jina la ugonjwa. Unahitaji kuweza kueleza: ni usaha, ni kidonda, ni vilengelenge, ni vinyama, ni uvimbe wa korodani, au ni maumivu chini ya kitovu? Ulianza kukiona lini?

Kama ni kidonda, kiguse taratibu. Kinauma au hakiumi? Watu wengi hawajui uzito wa swali hili. Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi, kingo zake ni ngumu, na hupona chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6 hata usipotumia dawa yoyote. Hapo ndipo mtu hushukuru Mungu akaendelea na maisha, huku vijidudu vimeshaingia kwenye damu. Wiki kadhaa baadaye anatoka vipele mwilini, wakati mwingine hata kwenye viganja na nyayo, navyo vinapotea vyenyewe. Miaka inapita, kisha ugonjwa unajitokeza kwenye moyo au ubongo. Kwa hiyo kidonda kisichouma ndicho kinachonitia hofu zaidi, na mgonjwa mwenye nacho ndiye huwa hana haraka.

Pangusa ni kinyume chake: kidonda kinauma, ni laini, kinatoa damu ukikigusa, na mara nyingi mitoki inavimba kwenye kinena. Malengelenge ya sehemu za siri huanza kwa kuwasha na kuchoma, vinatokea vilengelenge vidogo vilivyokusanyika, vinapasuka, vinapona, na vinaweza kurudi tena na tena. (Huu si mkanda wa jeshi. Mkanda wa jeshi hushika upande mmoja wa mwili, kama mbavuni au usoni, na hauambukizwi kwa ngono.) Masundosundo ni vinyama vinavyoota kama kichwa cha koliflawa na kwa kawaida haviumi.

Mwanaume anayetokwa na usaha uumeni na kuungua anapokojoa, mara nyingi ana kisonono, klamidia, au vyote viwili. Naomba niseme jambo moja kuhusu UTI, maana siku hizi kila maumivu ya mkojo yanaitwa UTI, na yakirudi yanaitwa UTI sugu. Maambukizi ya njia ya mkojo yapo, na wanawake huyapata sana. Lakini usaha unaodondoka kutoka kwenye uume wa kijana wa miaka 25 uchukuliwe kuwa ugonjwa wa zinaa mpaka ithibitike vinginevyo. Ukikubali jina la UTI kwa sababu halina aibu, utatibiwa kitu kingine, na mwenzi wako hatatibiwa kabisa.

Kwa wanawake hali ni ngumu zaidi. Wengi wenye klamidia au kisonono hawana dalili yoyote, siyo harufu, siyo uchafu, siyo maumivu. Ndiyo maana neno "mke wangu hana shida yoyote" halinitoshi. Anaweza kuwa nao kwa miezi bila kuujua, huku unapanda taratibu kwenye mirija ya uzazi.

Hesabu ya siku nayo inasaidia. Kisonono kwa mwanaume kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku 2 hadi 7. Klamidia huchukua wiki 1 hadi 3. Kaswende hukaa kimya kati ya siku 10 na 90, mara nyingi kama wiki 3. Kwa hiyo mtu uliyelala naye juzi si lazima awe ndiye chanzo. Kabla hujapiga simu ya matusi, kumbuka hesabu hiyo.

Hatua ya 2: Kabla hujatoka nyumbani

Acha ngono kuanzia sasa, hata ya mdomo.

Usinunue dawa. Najua duka liko hatua chache na kliniki iko mbali, na muuzaji haulizi maswali. Lakini dozi ya kununua kwa kubahatisha inaua vijidudu dhaifu na kuwaacha wenye nguvu. Sipro iliwahi kutibu kisonono vizuri kabisa. Leo, katika sehemu kubwa ya dunia, kisonono kinaishi nayo bila wasiwasi kwa sababu ya matumizi ya namna hii. Kama umeshameza kitu, usifiche: chukua karatasi zake uende nazo, kama alivyofanya yule kijana. Zile karatasi tatu zilinisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Dada zangu, msijioshe ndani. Siyo kwa sabuni, siyo kwa ndimu, siyo kwa chumvi, siyo kwa vidole. Uke una bakteria walinzi wake, na ukiwaosha unabaki wazi kwa maambukizi mengine, VVU wakiwemo. Nje osha kwa maji tu.

Na kama ulifanya ngono isiyo salama ndani ya saa 72 zilizopita na mtu mwenye VVU au usiyejua hali yake, au umebakwa, acha kusoma uende sasa hivi. Kuna dawa za kuzuia VVU zinazoitwa PEP. Zinaanza kutumika ndani ya saa hizo 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Zikishapita saa 72 hazianzishwi tena. Aliyebakwa asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kuchunguzwa kama ataweza, na apate pia kinga ya mimba, ambayo hutolewa ndani ya saa 120. Habari ya polisi na fomu yao ya matibabu, PF3, itafuata, lakini dawa isisubiri karatasi.

Hatua ya 3: Dirishani

Wagonjwa wengi tunawapoteza hapa, kabla hata hawajaingia ndani. Umefika dirisha la kadi, nyuma yako kuna foleni, na jirani yako wa mtaani kakaa kwenye benchi la kwanza. Aliye dirishani anauliza kwa sauti, "Unaumwa nini?" Mtu anaona bora aseme "malaria", anapimwa malaria, hana, anarudi nyumbani na usaha wake.

Jibu unalopaswa kuwa nalo mdomoni ni hili: "Nina shida ya siri, nitamweleza daktari." Basi. Hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha useme zaidi ya hapo mbele za watu. Karibu kila mtoa huduma anaelewa maana yake. Sehemu nyingine kuna chumba cha huduma rafiki kwa vijana. Kama wewe ni kijana, uliza kilipo. Na kwa Tanzania Bara, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi.

Nenda na daftari lako la matibabu. Wanawake, jaribuni kukumbuka tarehe ya hedhi ya mwisho.

Hatua ya 4: Maswali, na kwa nini tunayauliza

Mlango umefungwa, mmebaki wawili. Sasa utaulizwa mambo ambayo hata mama yako hajawahi kukuuliza. Naomba ujue sababu za maswali hayo, maana anayejua sababu hujibu ukweli.

"Mara ya mwisho kufanya ngono ilikuwa lini?" Ni ile hesabu ya siku niliyoieleza, na pia kuona kama PEP bado inawezekana.

"Ndani ya miezi mitatu umekuwa na wapenzi wangapi?" Swali hili ndilo linalozalisha uongo mwingi kuliko yote. Mwanaume husema mmoja, kisha akishavaa suruali anarudi mlangoni, "Dokta, kuna mwingine." Hatuhesabu ili tukuhukumu. Tunahesabu dozi. Kila mtu kwenye hesabu hiyo anahitaji matibabu, na ukimficha mmoja, yeye ndiye atakayekurudishia ugonjwa mwezi ujao. Kwa hiyo mchepuko mtaje. Huna haja ya kutaja jina lake. Idadi inatosha kwa kuanzia.

"Mlifanya kwa njia gani?" Vijidudu hukaa pale vilipowekwa. Kisonono kinaweza kukaa kooni au njia ya haja kubwa bila dalili yoyote, na kama sijui, sitaangalia huko. Nimewahi kumuona dada aliyetibiwa mara mbili kwa maumivu ya njia ya haja kubwa kama bawasiri, hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Ukiona mtoa huduma anaona haya kuuliza, mtangulie: "Nilifanya kwa njia ya mdomo pia," au "kwa njia ya nyuma pia." Sentensi moja tu.

"Ulitumia kondomu?" Jibu la kweli mara nyingi ni "wakati mwingine", na hilo ni jibu zuri. Sema hivyo hivyo.

"Mwenzako ana dalili? Anasafiri? Ana mwenzi mwingine?" Hapa usikisie kwa kumtetea wala kwa kumshambulia. Kama hujui, sema hujui.

"Umetumia dawa gani mpaka sasa? Kuna dawa inayokudhuru?" Kama uliwahi kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya sindano ya penisilini, hapa ndipo pa kusema kwa sauti.

"Una ujauzito, au unanyonyesha?" Doksi haipewi mjamzito. Swali hili hubadilisha dawa yote.

Baadaye utaombwa uvue nguo upimwe. Una haki ya kuomba uhudumiwe na mtu wa jinsia yako, au kuwepo na muuguzi wa jinsia yako chumbani, na una haki ya kuelezwa kila kinachofanyika kabla hakijafanyika. Lakini usikatae kupimwa. Nilishawahi kuandika dawa ya usaha kwa maelezo ya mdomo, nikamrudisha mgonjwa kabla hajafika dirisha la dawa kwa sababu nilipata wasiwasi. Alipovua nilikuta kidonda cha kaswende ambacho hakukitaja, kwa kuwa hakikumuuma.

Hatua ya 5: Kwa nini unapewa dawa nyingi bila kipimo kikubwa

Watu hulalamika: "Hawajanipima, wamenipa tu dawa." Utapimwa VVU na kaswende kwa tone la damu, na majibu hutoka muda mfupi baadaye. Kipimo cha klamidia na kisonono ni ghali na maabara nyingi ndogo hazina. Kwa hiyo tunatibu kwa kufuata dalili: dalili fulani husababishwa na vijidudu fulani, na dawa hutolewa kwa vyote vinavyohusika siku hiyohiyo, bila mgonjwa kuambiwa arudi kesho. Maana wengi wakiambiwa warudi kesho hawarudi.

Njia hii si ya kubahatisha, na mkoa wa Mwanza una historia nayo. Kati ya 1991 na 1994 utafiti ulifanyika kwenye jamii 12 za vijijini. Katika nusu yake, watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili, na dawa zilihakikishwa hazikatiki. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995, maambukizi mapya ya VVU kwenye jamii hizo yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko kwenye zile nyingine. Kidonda au usaha ni mlango wazi kwa VVU. Ukiufunga, umejikinga na zaidi ya kile ulichokuja nacho. Kila nikitoa dozi nawakumbuka watumishi wale wa zahanati za vijijini, waliofanya kazi hiyo kwa vifaa vichache kuliko tulivyo navyo leo.

Kasoro yake ni moja kubwa: asiye na dalili haonekani. Ndiyo sababu mwenzi wako lazima aje.

Jambo la kukumbuka kuhusu majibu. VVU hasi leo haimaanishi hasi kwa jambo lililotokea wiki iliyopita. Rudia baada ya miezi mitatu. Nacho kipimo cha haraka cha kaswende kinaweza kubaki chanya maisha yako yote hata kama ulishapona. Kwa hiyo kama uliwahi kutibiwa, sema, usije ukahukumiwa au ukamhukumu mwenzako kwa ugonjwa wa miaka kumi iliyopita.

Hatua ya 6: Dawa

Mwenye usaha kwa kawaida hupata sindano ya seftriaksoni pamoja na azithromaisini ya kumeza mara moja, au doksi kutwa mara mbili kwa siku 7. Wengi huongezewa metronidazoli, ambayo watu huiita Flagyl, kwa ajili ya trikomonasi, ambao nao ni ugonjwa wa zinaa. Jina hilo wengi hawajawahi kulisikia, ingawa kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, trikomonasi peke yake iliwapata watu wapya milioni 156, zaidi ya kisonono na kaswende vikijumlishwa. Mwenye kaswende ya mwanzo hupigwa sindano ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, kwa kawaida nusu tako la kulia na nusu la kushoto. Inauma, sitakudanganya. Kama ugonjwa umekaa mwilini muda mrefu, sindano hurudiwa kila wiki kwa wiki tatu. Usiruke hata moja.

Ukipigwa sindano ya kaswende, usiku huo unaweza kupata homa, baridi na kuumwa kichwa. Mara nyingi huo ni mwili unaopambana na mabaki ya vijidudu vinavyokufa, na hutulia ndani ya siku moja. Mjamzito akiyapata hayo arudi kliniki.

Ukiwa unatumia metronidazoli usinywe pombe. Doksi imeze kwa maji mengi, ukiwa umekaa au umesimama, usilale papo hapo, maana itakuunguza koo. Na dawa ya siku 7 ni ya siku 7. Usaha ukikauka siku ya tatu, vijidudu havijaisha, vimepungua tu. Usimgawie mwenzako nusu ya dozi yako kwa huruma. Hiyo huruma itawarudisha wote wawili kliniki.

Malengelenge hayana dawa ya kuyamaliza kabisa. Dawa ya asiklovia hufupisha maumivu, nayo hufaa zaidi ikianzwa mapema. Kuwa nayo si mwisho wa ndoa wala wa uzazi.

Ngono usifanye kwa siku 7 baada ya dozi ya mara moja, au mpaka umalize dawa ya siku 7, vidonda viwe vimepona, na mwenzi wako naye awe ametibiwa na kumaliza siku zake. Kama mmetibiwa kwa tarehe tofauti, hesabu kuanzia kwa yule wa mwisho.

Hatua ya 7: Kumwambia mwenzi

Hapa ndipo mioyo inapodunda, na hapa ndipo matibabu yanapofaulu au kufa.

Kabla ya neno lolote, tutenganishe mambo. Uchafu ukeni si mara zote ugonjwa wa zinaa. Fangasi, ambao hutoa uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda na muwasho, na ile hali ya bakteria wa uke kupoteza uwiano, ambayo hutoa uchafu mwepesi wenye harufu kama ya samaki, zote zinaweza kumpata mwanamke asiyewahi kuwa na mwanaume mwingine. Antibayotiki zinaweza kuleta fangasi. Ujauzito unaweza. Kisukari kinaweza. Kujiosha ndani kunaweza kuvuruga bakteria. Nimeona ndoa ikiyumba kwa sababu ya fangasi! Mume alimfukuza mkewe kwa mama yake kwa sababu ya muwasho ulioletwa na dawa za kidonda cha mguu. Kwa hiyo kabla hamjagombana, muulize mtoa huduma wazi: "Huu ni wa kuambukizwa kwa ngono, au la?"

Ikiwa ni wa zinaa, utapewa kadi ya kumpelekea mwenzi wako. Ni kipande kidogo cha karatasi. Kinamwelekeza aje kliniki. Akija nayo anajua cha kusema dirishani: anaonyesha kadi, hasemi kitu. Chukua kadi kwa kila mpenzi wa miezi mitatu iliyopita. Wawili? Chukua mbili. Sitakuuliza ya pili ni ya nani.

Chagua wakati ambapo hamjalewa, hamjagombana, na watoto hawapo. Usianze na "umeniletea." Hujui nani alianza, na kipimo hakituambii. Anza na mwili wako: "Nilikuwa na tatizo, nimeenda hospitali, wamenitibu. Wamesema ugonjwa huu mtu anaweza kuwa nao bila dalili, kwa hiyo na wewe unahitaji kutibiwa hata kama hujisikii chochote. Kadi hii hapa. Twende wote kesho kama unataka." Kisha nyamaza umpe nafasi. Ataulizia uaminifu, bila shaka. Hayo ni mazungumzo ya haki, lakini yana wakati wake. Omba matibabu yatangulie. Mkeo anaweza kuhitaji kusikia ukweli kutoka kwako usiku huohuo, na ukiona una ujasiri wa kuusema, useme. Wanaousema ukweli mapema huwa nawaona wakirudi wawili pamoja siku ya saba.

Kama unaogopa kupigwa, usimwambie peke yako. Mweleze mtoa huduma. Anaweza kumwita mwenzi kliniki bila kusema nani alianza, au mkaelezwa wote wawili mezani kwake. Na ukipigwa au kutishiwa, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi. Ugonjwa wa zinaa haumpi mtu yeyote ruhusa ya kukunyanyulia mkono.

Mpenzi mnayeachana naye naye ana haki ya kuambiwa. Kama hutaki kuonana naye, ujumbe wa simu unatosha: "Nimetibiwa ugonjwa unaoambukiza kwa ngono. Nenda kliniki ukatibiwe, hata kama huna dalili."

Kwa mjamzito

Usisubiri. Kwenye hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito utapimwa VVU na kaswende. Nenda mapema, mimba ikiwa changa, na mume aje apimwe. Utafiti mwingine wa Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kati ya wajawazito wenye kaswende kali isiyotibiwa, karibu mmoja kati ya wanne alijifungua mtoto mfu. Sindano ya benzathini penisilini inamfikia mtoto tumboni na kumponya. Nimewashika watoto wa akina mama waliotibiwa miezi mitano ya mimba, wanalia kwa nguvu, wazima. Mtoto anayetoa usaha machoni siku za mwanzo za maisha yake apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana kisonono kinaweza kumpofusha haraka.

Hatua ya 8: Siku ya saba

Rudi, hata kama umepona. Njoo na daftari lilelile. Tutaangalia kama usaha umekauka, kidonda kimefunga, mwenzi amekuja. Kama dalili zipo bado, tutauliza: umemaliza dawa? Ulifanya ngono? Mwenzi ametibiwa? Jibu likiwa hapana mahali, tunaanza hapo. Likiwa ndiyo kote, tunakutafutia kipimo au dawa nyingine, kwani kisonono sugu kipo.

Usisubiri siku ya saba kama una homa na maumivu makali chini ya kitovu, korodani imevimba ghafla na inauma sana, au umekosa hedhi na tumbo linakata. Korodani iliyojinyonga ina saa chache tu za kuokolewa, na mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuua. Hizo ni safari za hospitali kubwa, usiku au mchana.

Siku hiyo ya saba omba kondomu, usione haya. Angalia tarehe kwenye pakiti, bana ncha utoe hewa unapoivaa, na usitumie mafuta ya nazi wala ya kujipaka, maana mafuta hulainisha mpira mpaka ukapasuka. Kama kazi yako au maisha yako yanakuweka kwenye hatari ya VVU mara kwa mara, uliza kuhusu dawa kinga, PrEP. Andika tarehe ya kurudia kipimo cha VVU, miezi mitatu mbele, kwenye jalada la daftari.

Yule dereva wa bodaboda alirudi siku ya tisa. Shemeji alikuwa amekaa benchi la nje, ameshika kadi yake mkononi.